Karatasi ya Jiwe

Jiwe limefika na karatasi yake
kama mgeni anayejua ataulizwa.
"Limechimbwa kwa haki," imeandikwa,
"hapana mtoto shimoni, hapana mto uliochafuliwa,
mchimbaji kalipwa siku ile ile."
Chini, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mtu:
Mwanamkasi Nyiro, Bonde la Umba.
Na namba ya simu.

Bwana Himid kanambia, litie bei.

Mwaka wa kumi na moja huu nakata mawe Mkunazini.
Nimekata yakuti zisizo na mama wala baba,
zilizokuja ndani ya soksi, ndani ya kopo la maziwa.
Hatukuuliza. Kuuliza kulikuwa utovu wa adabu.

Hili limenichukua siku tatu.
Siku ya pili umeme ulikatika,
nikalisogeza kwenye chemli, likanigeuka:
mchana lilikuwa buluu yenye kijivu,
taani jekundu, jekundu la ubuyu uliokolea,
ule unaobaki ulimini mwa mtoto wa skuli
mpaka magharibi.

Nikapiga ile namba.
Pengine nilitaka kumkamata mtu na uongo.

"Ndiye miye," akasema. Kuku wanalia nyuma yake.
Ndiyo, walimlipa. Ndiyo, siku ile ile.
Kanunua mabati ishirini; kumi na mawili ameshaezeka,
manane kamkopesha wifi yake,
"na wifi unamjua alivyo,"
kana kwamba namjua.
Mwanawe yuko darasa la nne, shimoni hashuki.
"Ila Jumamosi huja kuchekecha mchanga. Usiwaambie."

Karatasi ilikuwa mbele yangu.
Sikuongeza neno, sikufuta neno.

Kisha akauliza yeye:
"Limekuwaje?"
Nini?
"Jiwe langu. Miye nililiona na udongo wake,
kama jino la mbuzi.
Sijapata kuliona hata moja likishakatwa."

Nikakata simu, nikapiga tena, ya picha.
Nikalishika kwa koleo dirishani,
kisha chini ya taa, kisha tena dirishani.
Bwana Himid kakunja uso, mteja anatazama saa.
Mtandao ukakwama.

"Naona weupe tu," akasema, "na kidole chako.
Hilo kovu la moto?"
La tindikali, nikamwambia. La zamani.
"Pole," akasema.
"Hebu nisogezee tena."