Jiwe la Kilo Kumi

Baba yangu, Nabudde, karani wa ghala la ushirika Budadiri,
alikuwa na jiwe.
Jeusi, la mtoni, laini kama kisigino cha mtoto.
Alilipima mara moja tu, kwenye mzani wa posta Mbale,
mwaka niliozaliwa, akaliandika kwa rangi nyeupe: 10.
Wanunuzi walipokuja na mizani yao ya kuning'inia
na salamu zao ndefu,
alilitia jiwe ndani ya gunia, akafunga mdomo wa gunia,
akasema, "Anzeni na hili."
Mzani ukisoma nane na nusu, hakugombana.
Alikohoa.
Wakulima walikijua kikohozi kile.

Mimi nilishika taa na daftari.

Sasa napima visivyoshikika.
Nakata punje ya kahawa, ukanda mwembamba kuliko unywele,
naulaza kiooni.
Leza inaudonoa nukta baada ya nukta,
kama kuku mwenye adabu, haruki safu,
na kila inapodonoa kitu hupaa, kizito au chepesi,
na mashine hukisoma uzito wake.
Nukta elfu arobaini. Katika kila nukta, safu za milima ya namba.
Zamani tulisaga punje nzima, tukapima uji wake:
tukajua kilichomo, tusijue kilipo.
Ni kama kuambiwa mlimani kuna msiba
bila kuambiwa nyumba ya nani.

Mwaka wa pili tangu nirudi kutoka masomoni, nilipiga vigelegele.
Molekuli mpya! Inang'aa kuzunguka tundu la mdudu
kana kwamba mti umejijengea boma.
Nikaandika makala. Kwa utani nikaiita molekuli ile kwa jina la mama.
Ni Okwir, kijana wa Lira anayetunza jenereta na kompyuta,
aliyeuliza mbona boma hilo lipo pia
kwenye kioo kitupu.

Ilikuwa plastiki. Ya glavu zangu.

Niliiondoa makala kwa barua ya mistari minne
iliyonichukua siku kumi na moja.

Ndipo nikalikumbuka jiwe.

Tangu hapo, kila orodha ninayoipa kompyuta
naichomekea uongo wangu mwenyewe:
sukari iliyobeba dhahabu, kafeini yenye fedha shingoni,
vitu ambavyo mbuni haujawahi kuviota.
Kisha naiambia, tafuta.
Ikija na dhahabu mia, najua
hata katika kweli zake mna uongo upatao mia.
Siigombezi. Nabana kipimo, naanza upya,
umeme ukiruhusu.
Nambozo, mwanafunzi wangu, aliuliza kama hii ni hila au sayansi.
Nilikuwa na njaa. Nikamjibu, ni mzani.

Miaka kumi na tisa.
Nina ramani tatu ninazoweza kuziapia.
Ya tatu ni boma, safari hii la kweli,
hafifu, chungu, upande mmoja tu wa tundu.
Kwa nini upande mmoja? Sijui.
Nimeomba fedha za kujua. Wamesema tusubiri.

Baba alikuja maabara mara moja, amevaa koti la harusi.
Akaitazama ramani kwenye kioo cha kompyuta,
njano, zambarau, mipaka yake.
"Shamba hili la nani?"
Nikamwambia ni punje moja.
Akanyamaza kwa muda wa punje moja, labda mbili,
kisha akainama, akafungua mfuko aliokuja nao,
akalitoa.
"Lipime."

Tuna mzani mzuri, wa kupimia mitungi ya gesi.
Okwir aliusawazisha mara mbili.
Kilo tisa, gramu mia nane na sitini.

Labda posta ilikosea. Labda miaka arobaini ya magunia
imelilamba jiwe kidogo kidogo.
Nilishika daftari, kalamu ikasimama.
Rangi nyeupe bado inasema 10.

Baba akakohoa.