Herufi Ishirini na Nne

Wamenipa kishikwambi na kizibao cha rangi ya chungwa
nizunguke Lindi nikiuliza: hapa panaitwaje?
Safu ya jina la barabara haizidi herufi ishirini na nne,
na nafasi nazo zinahesabiwa.

Majina ya wanaume yalikuja yenyewe, yakakaa:
gavana, sheikh, diwani wa zamani, mwenye duka la saruji.
Mengine niliyakuta yameshapakwa rangi kwenye nguzo.

Ya wanawake sikutajiwa. Nilielekezwa.
"Pita pale Fatu Chikoyo alipokuwa akipika chumvi."
Siku hizi ni karakana ya pikipiki.
"Kata kona kwenye nyumba ya lelemama."
Ukuta mmoja, mpapai,
mbuzi juu ya ngazi isiyofika popote.
"Ukiona bomba lisilotoa maji,
hapo ndipo Esha Mkalimoto alipompiga karani wa kodi kwa kata."
Nikauliza mwaka gani.
Wakabishana kama ilikuwa kata ama ndoo.

Kisha nikafika kwa Binti Nampoto.
Wote wanasema *kwa*, ingawa kafa miaka arobaini.
Enzi mji huu ulipokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini
alifua kaki za serikali, akazinyoosha,
pasi ya mkaa, wanga wa muhogo,
na chumba cha uani akawaachia wenye mimba
waliotoka Ng'apa, Mbanja, Kitumbikwela
kuja kuusubiri uchungu karibu na hospitali.

Siku majalada yalipopakiwa malorini kwenda Mtwara
mabwana waliondoka, nguo zao zikabaki kambani.
Alingoja miezi mitatu.
Wa nne akashika mkasi.
Mwenyekiti wa mtaa, na miaka yake sabini,
anaapa nepi yake ya kwanza ilikuwa mfuko wa bwana shauri,
na kifungo cha shaba alikichezea mpaka akakimeza.

Nikaandika: BARABARA YA BINTI NAMPOTO.
Kioo kikawa chekundu. Ishirini na tano.

Herufi moja!

Mtendaji akasema, weka Njia, itaenea.
Lakini njia, kwa mwongozo, ni pasipopita gari,
na lori la mchanga lilikuwa limetupita sasa hivi
tukabaki tunapangusa macho.
Sikuona kwa nini barabara ibanwe ndipo mwanamke aenee.
Basi toa Binti, akasema.
Nampoto peke yake ni baba mtu,
Mmwera wa huko Ruangwa, hakuwahi kuukanyaga mji huu,
na mahari ya bintiye, wanasema, aliinywa yote.

Yeye mwenyewe aliitwa nani?
Mwenyekiti akakuna kichwa. Jirani akasema, sisi tulimwita Mama.
Kaburini hapana kibao.
Watoto aliowapokea wamezeeka, wana wajukuu,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

Wakanipeleka kwa Bi Mwanashamte, mke mwenzie,
amekaa mkekani, macho yana ukungu, anachambua choroko kwa vidole.
"Nimemtukana mwanamke yule kwa jina lake
miaka kumi na mmoja, asubuhi na jioni.
Nitalisahauje?"
Akainua uso.
"Asumini. Hata jina alijaliwa kunizidi."

Kumi na tisa. Kioo kikatulia.
Mtendaji akafurahi: maua, vizuri, mji upendeze.
Akabonyeza kukubali kabla sijafungua mdomo,
na mchoraji wa vibao akaongeza ua jeupe pembeni.
Nimeliacha.

Juzi nilimkuta Bi Mwanashamte chini ya kile kibao,
mjukuu kamshika mkono, anamsomea.
Akanijua kwa sauti.
"Wewe wa mashine. Langu lingeenea?"
Nikahesabu kwa vidole vyake, nikavikunja kimoja kimoja,
vikaisha, tukaanza upya, vikaisha tena,
tukafika vitatu.
Nikamwambia, linaenea, bibi. Na nafasi moja inabaki.