Mistari Mitatu

Fomu ya halmashauri imeacha mistari mitatu:
Eleza kwa ufupi historia ya kitongoji.
Kalamu imenigandia hapo tangu asubuhi.

Nyamhanda. Kaya thelathini na moja,
thelathini na mbili ukimhesabu Lushinge
anayelala kwenye mashine ya kusaga
tangu mkewe abadilishe kitasa.

Nianze na jina? Wajita wanadai ni lao.
Wasukuma wanasema walilikuta jiweni.
Jiwe lipo, kubwa kama jineri,
limembeba mwenzake mgongoni na halijamtua.
Nimelizunguka lote. Hakuna jina,
kuna mavi ya pimbi.

Niandike mwaka ziwa lilipopanda?
Mvua za uhuru, ndivyo walivyoziita.
Maji hayakupiga kelele,
yaliingia kanisani yakakaa, benchi baada ya benchi,
hadi katekista Bwire akafundisha amri ya saba
suruali kaikunja magotini.
Makaburi ya chini hayakuwahi kuhamishwa.
Mpaka leo nyavu zikinasa pale
hatuvuti kwa nguvu.

Au mwaka wa malori, sabini na nne,
tulipopangwa barabarani kama mafungu ya dagaa?
Bibi yangu Nkwimba aliacha ghala, akaacha kinu,
akapakia mlango wake wa mninga
alioununua kwa magunia manne ya pamba
ambayo mzani wa chama uliyaita matatu.
Masika ya tatu akarudi nao kichwani, usiku,
akausimamisha penye kiwanja kitupu,
akaukomea,
akalala upande aliouita ndani.
Asubuhi waliompitia walibisha hodi.

Na sangara?
Wa kwanza tulimzika, hatukumjua ni nani.
Wa pili tulimla kwa woga.
Wa tatu alikuja na mnunuzi, barafu,
na mzani mwingine.

Mtendaji anataka fomu kabla ya saa tisa.
Nimejaza:
Kitongoji kilianza zamani.
Kilihamishwa, kikarudi.
Wakazi ni wakulima na wavuvi.
Imetosha kabisa, na nafasi imebaki.

Nyuma ya karatasi, asikosoma mtu,
nimeongeza kwa penseli:
ule mlango sasa uko mashineni.
Umevimba kwa unyevu, unakwaruza sakafu.
Ndio anaoukomea Lushinge kila usiku,
na mkewe, akipita kwenda kuchota maji,
siku hizi anabisha.