Ishirini na Saba, na Moja

Foleni ya mshahara pale kiwandani Newala
ilikuwa na wanawake ishirini na saba,
mimi wa kumi na tisa, kila Jumamosi,
nyuma ya Awetu, mbele ya Modesta wa Ndanda,
mikono imepakwa majivu
maana mafuta ya ganda la korosho hayana undugu na ngozi.

Chenji ilikuwa ikiisha kwa mtu wa ishirini.
Waliobaki: njooni Jumatatu.
Ndipo ugomvi. Somoe akasema tubadilishane nafasi kila wiki,
mpaka kila mpangilio upate zamu yake,
haki bin haki.
Wakakubali. Mimi nikanyamaza,
nikaenda nyumbani kuhesabu.

Wa kwanza: yeyote kati ya ishirini na saba.
Wa pili: yeyote kati ya ishirini na sita.
Unazidisha huku unateremka,
kama tulivyoteremka bondeni kufuata maji utotoni,
mpaka chini kabisa, kwenye moja,
yule wa mwisho asiye na la kuchagua.
Usiku wa nne, ukungu umejaa mlangoni,
jibu likavuka ukingo wa daftari:

10 888 869 450 418 352 160 768 000 000

Tarakimu ishirini na tisa.
Nane nne zimeshikana mikono karibu na mwanzo.
Sifuri sita mkiani, na mtu asidhani ni nakshi:
tano, kumi, kumi na tano, ishirini,
kila mmoja alileta tano yake;
ishirini na tano akaleta mbili.
Jumlisha tarakimu zote, utapata mia na nane,
tisa inaingia humo bila manung'uniko.
Inagawanyika kwa kumi na nane ya Awetu,
kwa kumi na tisa yangu,
kwa ishirini ya Modesta.
Mama wa watu wote.
Tungebadili foleni kila sekunde
tangu jua lilipowaka mara ya kwanza,
hadi leo tusingelipa hata chembe ya deni hilo.

Nikawaambia. Wakacheka.
Bi Esha Lukanga, mwenye watoto saba, akauliza,
"Na ukiongeza moja?"
Alikuwa ananitania tu.

Nikaongeza moja.
Sifuri ya mwisho ikageuka, kwingine hakukutikisika kitu.
Lakini mbili ikakataa kuingia.
Tatu, nne, wote hadi ishirini na saba,
kila aliyebisha hodi aliachiwa moja mlangoni.
Ishirini na tisa: baki mbili.
Thelathini na moja: baki ishirini na saba.
Hiyo niliitazama muda mrefu,
foleni nzima imesimama mwishoni mwa hesabu.
Nilifika mia na tatu, kalamu ikaisha wino.

Mfaume, mtoto wa kaka yangu,
akaipeleka kwenye kompyuta ya chuo.
Akapiga simu usiku.
"Shangazi, haina kigawo. Moja na yenyewe, basi.
Ni namba tasa."

Akanyamaza ghafla.
Neno hilo nalijua kwa sauti ya mama mkwe.
Nalijua lilivyokaa ndani ya talaka yangu,
miaka tisa ya ndoa
na kile chumba cha pili tulichohifadhia magunia.
"Usinyamaze," nikamwambia. "Nisomee. Yote."
Akasoma tarakimu moja moja, taratibu,
kama anayehesabia mtu noti mkononi,
nane, nane, nane, nane,
sifuri tano,
hadi kwenye moja ile.

Njia zote za kusimama kwenye foleni,
halafu njia moja zaidi.
Jumamosi iliyofuata Awetu aligeuka nyuma
kuomba majivu,
akamkuta Modesta.