Kidole Kilichoteleza

Makopo manne kwa wiki, nilihesabu mimi,
dawa ya nywele, ile ya bei ya chini kabisa,
na bafu letu la Aliquippa likanuka
hata baba, akitoka zamu ya usiku kuja kunawa masizi,
alikohoa mlangoni akauliza:
"Kwani nyumba hii ina mabinti wangapi?"

Lonnie hakujibu. Alikuwa anapaka wanja.
Wanja wangu.

Mwaka ule tanuri la chuma lilizimwa.
Wanaume walisimama getini na vyombo vyao vya chakula
kama watu waliofika msibani wakakuta maiti keshazikwa.
Kaka yangu akauza pikipiki, akapanda basi,
siku tatu hadi Los Angeles, gitaa mapajani;
hata msalani alikwenda nalo.

Huko akajiita Loni Zebaki.
Suruali ya milia, pundamilia wa rangi ya waridi,
(mama aliona picha, akauliza kama ameivaa au ameipaka)
na visigino ambavyo mimi mpaka leo sithubutu.
Bendi: Hariri na Kutu.
Jina nililitoa mimi, kwa simu, kwa mzaha. Sikulipwa.

Cheka tu. Yeye mwenyewe alicheka.
Lakini mikono ile!
Vidole vilipanda shingo ya gitaa
mvua ya mawe juu ya bati,
kisha vikashuka kimoja kimoja, polepole,
kama mtu anayetafuta swichi gizani
katika nyumba anayoijua.

Wimbo mmoja tu ulipanda.
Katikati yake mna sekunde kumi na tisa
ambazo vijana wa Osaka, wa Tampere, wa Monterrey
walijifungia nazo chumbani mpaka chakula kikapoa.
Na ndani yake mna noti moja, ya kumi na moja,
inayoingia kiubavu
kama paka kwenye mlango ulioegeshwa.
Wajuzi waliiandikia kurasa: ujasiri, uasi, kipaji.

Mimi aliniambia jikoni, akimenya viazi:
"Darlene, kidole kiliteleza.
Saa kumi alfajiri, pesa za studio zimekwisha,
fundi mitambo anakoroma. Nikasema, liache."
Kuteleza si kuanguka, ndiyo;
yeye aliteleza akapanda.

Halafu wakaja vijana wa mashati ya flana,
waliopiga magitaa wakitazama viatu vyao,
na Jumanne moja simu ya kampuni ikanyamaza.
Mpiga ngoma akawa dalali wa nyumba.
Mwimbaji akampata Mungu, akampoteza, akampata tena.
Lonnie alirudi na basi,
nywele amezifunga kwa mpira wa barua,
akapata kazi duka la vifaa, upande wa misumari na skrubu,
na baridi yabisi ikaanza na mkono wa kushoto.
Sikumwona akilia. Nilimwona akishindwa kufungua chupa ya achari
akairudisha kabatini, akasema hana hamu.

Kila Alhamisi, chini ya kanisa la Waserbia,
alifundisha watoto. Dola tano.
Asiye nazo alikunja viti.

Tulimzika Februari, ardhi ngumu kama deni.
Walikuja wanaume wenye vipara
na jaketi za ngozi zisizofunga tena tumboni,
mmoja kaendesha gari kutoka Ontario bila kulala.
Chini kule, kwenye viti vya kukunja,
Janelle Pettway, miaka kumi na miwili,
mkunja viti wake,
akachomeka gitaa akapiga zile sekunde kumi na tisa.

Kwenye noti ya kumi na moja hakuteleza.
Aliigonga katikati, wima, safi.

Wale wanaume wakatazamana. Wa Ontario akanong'ona,
"Maskini, kakosea."

Nikameza kahawa yangu ikaniunguza.
Kumbe alimfundisha ile aliyoikusudia.
Janelle alikuwa keshachomoa waya,
anauzungusha kiwikoni, duara baada ya duara,
vile vile alivyouzungusha yeye.