Pambizoni

Kitabu kimerudi tena leo, namba 1147,
jalada limeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu.
Mkurugenzi kasema: Rumyana, chukua ufutio,
ondoa uchafu wote wa penseli,
wakaguzi wanatoka Sofia Alhamisi.

Basi nimeketi karibu na jiko la makaa.
Nje theluji ya Tryavna inaziba madirisha,
nami nafungua riwaya ya bwana mmoja
aliyeandika, wanasema, kwa huruma nyingi mno,
habari za mke wa mtengeneza ngozi.

Mke hana jina mpaka ukurasa wa arobaini.
Hadi hapo ni "yule", ni "mama watoto", ni "wewe".
Na pembeni, kwa mkono uliokandamiza karatasi:
*Mimi Nedyalka. Nami huitwa "wewe".*

Ukurasa wa sitini na mbili, mumewe anahesabu vijiko
kila usiku kabla hajapanda kitandani.
Mwanamke mwingine, herufi ndogo kama ufuta:
*Wangu huhesabu viazi.*
Chini yake, kwa wino wa zambarau:
*Wangu hupima mafuta ya taa kwa uzi wenye fundo.*
Chini yake tena:
*Wa kwako ana taa?*

Nimecheka. Peke yangu, maktabani, nimecheka,
kisha nikaufuta mstari huo,
vumbi la ufutio likanilalia mapajani
la kijivu, kama unga wa kinu kibovu.

Mwandishi anajua mengi, hilo sikatai.
Anajua mama mkwe anavyoning'iniza funguo kiunoni,
anajua kofi lisilo na sauti kwa kuwa sebuleni kuna wageni,
anajua mkate hukatwa kuanzia kwa wanaume.
Ila mikono ya mwanamke aoshaye ngozi
kasema inanuka majonzi.
Tsveta wa mtaa wa chini amemsahihisha:
*Chokaa. Na mavi ya njiwa.*

Ukurasa wa mia mbili na nane anamuua.
Waandishi wana haraka na wake za watu:
mto uko karibu, maji ya Machi ni baridi,
sentensi ni nzuri, nzuri kupindukia,
hata kengele ya kanisa imelia kwa wakati wake.
Na hapo pambizo limefurika,
miandiko saba, minane,
mingine imesimama wima, mingine imeizingira namba ya ukurasa:
*Hakufa.*
*Alikwenda Ruse kwa dada yake.*
*Mto ule mwezi Machi unafika magotini, nimeuvuka na mbuzi.*
*Mtoto angemwachia nani?*
*Hakufa, mwongo huyu.*
*Alichukua vijiko.*

Chini kabisa, kushoto, hakuna maneno ya hasira.
Kuna hesabu tu:
mkate, soksi za mtoto,
nauli, moja na nusu,
treni ya saa kumi na moja alfajiri.
Sifuri zake hazikufungwa juu,
vikombe vilivyomeguka mdomo,
kama alivyoandika mama bei za vitunguu ukutani,
mama ambaye baba alituapia
hajui hata herufi moja,
naye akinyamaza, akimenya.

Huenda ni mwanamke mwingine.
Sifuri si alama ya kidole.
Lakini nilikuwa na miaka sita, nilikuwa nusu nauli,
na nakumbuka alfajiri moja nimevishwa soksi mpya kitandani,
kisha nikavuliwa, polepole, mguu mmoja mmoja,
bila kuambiwa kitu.
Hatukupanda treni.

Nimejaribu ufutio kwenye ile sentensi nzuri,
kengele, mto, maji.
Chapa haifutiki. Karatasi ndiyo inayochubuka.

Makaa yamekwisha. Mkurugenzi ameshaenda kwake.
Nachonga penseli kwa kisu cha mkate,
narudi ukurasa wa sitini na mbili,
na kwa mwandiko wangu mbovu
naandika palepale nilipofuta:
*Wa kwako ana taa?*