Thembo wa Pili

Kwetu Kasese jina halichaguliwi, linahesabiwa.
Mimi Masika, binti wa kwanza,
Biira akafuata, akaja Kabugho mwenye kicheko;
na wavulana nao wana ngazi yao
mpaka kwako, kitindamimba, Thembo, mwana wa tano.
Sokoni mtu akiita Thembo
vichwa kumi hugeuka.

Leo umeingia na mablanketi mawili,
matope ya Nyamwamba yangali magotini.
"Waliita jina langu mara mbili," ukasema,
"nami nikaitika mara mbili. Nimemwibia nani?"
Kabugho alicheka nusura amwage maharage.
Mama akageukia ukutani; mabega yake yalimsaliti.

Sikukukaripia. Nilikusogezea ungo.
Mikono ikipata kazi, masikio hupata nafasi.
Huyo Thembo wa pili, nikakuuliza, ni nani?
"Simjui."
Hata mimi simjui, nikasema, na hapo ndipo penye mwiba:
aliyemwibia jirani hukutana naye kisimani,
aliyeiba jina hulala fofofo.

Ukatupa kijiwe nje ya ungo.
"Na mwenyekiti je? Mabati ya shule yetu
yamelala juu ya zizi lake, na kanisani anakaa mbele.
Na wewe, dada?
Mwaka jana Kilembe, Mama alipovimba miguu,
uliweka nini ndani ya daftari la matibabu
mkaitwa kabla ya benchi zima?"

Kabugho hakucheka tena.
Elfu kumi, nikajibu. Noti moja, nimeikunja mara nne.
Kulikuwa na mama mwenye kitenge cha njano
na mtoto mapajani, amelegea kama nguo iliyoanuliwa.
Nilipopita mbele yake niliangalia sakafu.
Mpaka leo naijua sakafu ile, ufa kwa ufa;
uso wake siujui.
Sina mawaidha, Thembo. Nina sakafu hiyo tu.

Hukusema neno. Ulichambua mpaka punje ya mwisho,
kisha ukalikunja blanketi moja, vizuri, kama la dukani.
Tukatoka sote watatu na tochi ya simu.

Kambini, kwenye uwanja wa shule, tuliita: Thembo!
Wakatoka watatu. Wa kwanza alikuwa rika lako,
meno ya mbele hana;
akalitazama lile blanketi kama mtu anavyotazama chungu,
akasema, "Mimi nilishapata," akarudi ndani ya turubai.
Ukanifinya mkono.
Wa pili naye alikuwa amejifunika la kwake.

Wa mwisho alichelewa.
Tulikuwa tunatafuta mtoto; akaja babu,
mvi mpaka kwenye nyusi,
kandambili moja nyekundu, moja ya bluu.
"Waliniambia nimeshachukua," alisema.
"Nikabishana kidogo, kisha nikajiuliza:
labda kweli nilichukua, nimesahau nilipoliweka.
Tangu mchana nalitafuta."

Nilidhani utaniachia mimi maneno, mkubwa wako.
Ukapiga hatua.
"Babu, hukusahau," ukasema. "Ni mimi.
Naitwa Thembo pia."

Akalipokea, akalinusa,
akauliza wewe ni mwana wa nani, wa kilima kipi,
kana kwamba hilo ndilo jambo pekee lililobaki.

Njiani kurudi Kabugho alitaka kujua
kama yule mama wa kitenge cha njano
naye anaweza kutafutwa.
Simu ilikuwa imeisha chaji.
Angalieni mashimo, nikasema.